Lammert Amkimbia Ibrahimu

Lammert Hadders ni jirani yangu. Kati ya ua wake na wangu kuna kichaka tu, na kwa miaka mitatu nilimngoja atimize hamsini kwa hamu ambayo hata harusi yangu sikuingoja nayo. Nilikuwa na sababu.

Kwetu Drenthe, mkoa wa mashamba, mtu akifika hamsini tunasema amemwona Ibrahimu wa Biblia, na akiwa mwanamke amemwona Sara. Kabla hajaamka siku hiyo, majirani humwekea mbele ya nyumba sanamu la majani makavu lenye nguo kama zake na bango la kumcheka, na kila apitaye na baiskeli hupunguza mwendo ili asome. Kijijini kwetu fundi mkuu wa masanamu hayo alikuwa Lammert. Muuza nyama aliwekewa Ibrahimu aliyeegemeza kidole gumba kwenye mizani. Mwalimu wa kwaya akapata Ibrahimu mwenye pamba masikioni. Na mimi, Hillie, asubuhi yangu nilifungua pazia nikamkuta Sara ameketi kwenye benchi langu, makalio yake magunia mawili ya viazi, sikio limeelekezwa kichakani, na bango kubwa: NYAMAZENI, HILLIE ANASIKILIZA. Mbele za watu nilicheka. Ndani nilisaga meno.

Mwosha huoshwa. Mwaka huu zamu ilikuwa yake, na kamati ikakutana jikoni kwangu. Muuza nyama alileta majani, mwalimu wa kwaya akaleta rangi, nami nikashona suruali. Tulikuwa tumefika kwenye tumbo pale Roelie, mke wa Lammert, alipogonga mlango wa nyuma, uso umemshuka.

“Hillie, shoga yangu, usinirukie,” alisema. “Lammert hatakuwepo.”

“Hatakuwepo wapi?”

“Hapa. Siku yenyewe. Ana kazi Leiden, na atalala huko huko.”

“Leiden? Huyu huyu anayesema Assen ni mbali?”

“Ameomba mwenyewe.” Roelie akajimiminia kahawa yangu bila kuuliza. “Na simu anaizima, eti asisumbuliwe kazini. Sijawahi kumwona mtu anafunga begi kwa furaha vile.”

“Mkuki kwa nguruwe,” nilisema, na wote jikoni wakaitikia kwa kichwa. Sikuwa na haja ya kumalizia.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Lammert mwenyewe, yeye upande wake wa kichaka na mimi upande wangu, si mara moja, na kila akisimulia yanaongezeka. Mimi nimeyapunguza.

Kazi yake ni kufunga viti vya umeme vinavyowapandisha wazee ngazini. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyeogopa uzee. Lammert aliuogopa kuliko mng'oa meno, na siku ile alitaka kitu kimoja tu: jua lichwe bila mtu yeyote kumshika mkono na kumwambia hongera. Asiketishwe kwenye duara la viti na kipande cha keki mapajani, shangazi huku na shemeji kule. Maana kwetu hongera hapewi mwenye siku peke yake: kila mgeni hulizunguka duara lote akawapa mkono na ndugu zake. Ipite kama siku ya kupeleka taka. Kesho yake angerudi nyumbani hamsini ikiwa imeshapita, na asiyekuwepo na lake halipo.

Nyumba aliyotumwa ilikuwa nyembamba, kando ya mfereji wa Rapenburg, na ngazi zake zilisimama wima hivi kwamba hata paka angezifikiria mara mbili. Mwenyewe alikuwa wakili mstaafu, mzee sana, aliyempokea huku ameushikilia ukuta kwa mikono yote miwili.

“Kiti si changu,” mzee alisema hata kabla ya salamu. “Ni cha wageni.”

“Naelewa, bwana.”

“Wageni wangu wamezeeka mno.”

“Ndivyo wageni walivyo, bwana.”

“Na wewe kijana, una miaka mingapi?”

Lammert aliingiza kichwa chini ya ngazi akajifanya anatafuta waya. “Arobaini na kitu,” alijibu akiwa huko huko. Mpaka jana yake ilikuwa kweli.

Alipomaliza kupima, mchana ulikuwa bado mbichi na mji wote ulikuwa wake. Kijijini Lammert hawezi kununua mkate bila kuulizwa habari za goti lake. Leiden hakuna aliyejua kwamba ana goti. Alitembea kandokando ya maji mikono mfukoni, akavuka kila daraja aliloliona kwa sababu tu lilikuwepo. Alichungulia madirisha yasiyo na mapazia, kama tunavyochungulia sote, yaani bila kusimama. Kwenye nyumba moja ya kuelea alimwona mtu anaosha vyombo, bata nje wakimsubiri, akampungia yule mtu mkono, na yule mtu akampungia naye, basi. Hakuulizwa mama hajambo, gari limepona, mnakwenda wapi likizo. Alinunua samaki mbichi wa chumvi na vitunguu, akamshika mkia, akainua kichwa juu na kufungua kinywa, na shakwe akamwahi. Alibaki na mkia. Kwetu angechekwa mpaka Krismasi. Pale hakucheka hata mtu mmoja, na Lammert aliona hilo jambo kwanza kama raha, kisha akaliona si raha sana.

Mifereji ya mji ule haikupeleki mahali. Inapinda taratibu, wewe ukidhani unakwenda mbele, kumbe inakurudisha. Mara tatu alikuta daraja lile lile na mwanafunzi yule yule ameketi ukingoni miguu ikining'inia, na mara ya tatu mwanafunzi akamsalimu. Lammert akageuka kwa haraka, akaingia kwenye njia ya baiskeli.

“Kaa pembeni, babu!” msichana mmoja alimpigia kengele na kupita.

Babu! Alisimama mbele ya duka la viatu kuupa moyo nafasi, na pale kwenye kioo, juu ya viatu vya nusu bei, akamwona baba yake.

Mzee Geert Hadders alianguka shambani akafa, wiki chache kabla ya kutimiza hamsini. Sanamu lake lilikuwa tayari, limefichwa ghalani kwetu, kwa maana fundi wa zama zile alikuwa baba yangu. Baada ya mazishi alilichoma nyuma ya ghala bila kusema neno, na nyumbani hatukulitaja tena. Mimi nilikuwa msichana. Lammert alikuwa mvulana, na aliuona moshi.

“Nilikuwa naingia mahali ambapo baba hakufika,” aliniambia. “Nikaona haya, Hillie. Kama nimempita kwenye foleni.”

Basi aliogopa, na alijisikia mpweke, na hakuwa na wa kumwambia kwa kuwa wote aliwakimbia mwenyewe. Miguu nayo ilikuwa imechoka. Akaamua kupanda boti la watalii pale gatini Beestenmarkt, maana watalii hutazama majumba na hawamwulizi mtu kitu.

Kando ya gati yalikuwepo maboti mawili yamefungwa ubavu kwa ubavu. Lammert alikwenda kwenye lile lenye mabenchi kuzunguka pande zote, akaona linapendeza. Mwanamke mwenye kofia nyekundu alimnyooshea mkono amsaidie kushuka.

“Hongera!” alimwambia.

Mtu wa kwingine angeuliza, hongera ya nini? Mtu wa kwetu haulizi. Mkono unajua kazi yake kabla ya kichwa. “Hongera nawe!” Lammert alijibu, na tayari alikuwa amemgeukia wa pili, kwa sababu duara ukishalianza unalimaliza, na kumruka mtu katikati ni kumtukana. Alisikia mtu nyuma yake akisema “Hongera kwa Siem,” naye akaichukua hiyo hiyo. Hongera kwa Siem. Hongera kwa kaka yako. Wewe nani wake, binti? Hongera kwa baba, basi. Mashavu yaliyoletwa aliyabusu mara tatu inavyopasa. Alijiambia, nimalize kwanza, nikishamaliza nitauliza niko wapi. Alipeana mikono mpaka akafika puani mwa boti, akanyoosha mkono kwa mgeni wa mwisho, na mgeni hakuupokea. Alikuwa wa majani makavu. Alikuwa na miwani, kiko mdomoni, na bango kifuani: SIEM AMEMWONA IBRAHIMU.

Lammert aligeuka atoke. Gati lilikuwa mbali, na maji katikati.

“Alinifuata,” aliniambia. “Nakuapia, alinifuata mpaka Leiden.”

Aliketishwa kando ya mama yake Siem, Bibi Kortekaas, kikongwe mdogo wa kimo mwenye macho ya kutoboa bati. Siem mwenyewe alikaa nyuma, taji la karatasi kichwani, na uso wa mtu anayehesabu madaraja yaliyobaki. Kipande cha keki kilitua mapajani mwa Lammert. Huku shangazi, kule shemeji.

“Wewe lazima ni wa kazini kwa Siem,” shemeji alisema.

“Wa kazini ndio sisi,” mwingine akadakia kutoka ng'ambo. “Huyu si wenu? Sisi tulidhani ni mjomba wa upande wa mke.”

“Kwetu hakuna mtu anaongea hivyo. Hiyo lafudhi ya mashambani kabisa. Sema tena ‘hongera’, mjomba!”

Lammert alijaza keki mdomoni asiweze kujibu. Bibi Kortekaas alimtazama akitafuna, akamtazama tena kuanzia viatu mpaka nywele. Hilo lilimtisha kuliko maswali.

Msichana aliyekuwa akiendesha boti alipiga kelele, “Vichwa!” Daraja lilikuwa la chini, wote wakainama, taji la Siem likainama, ila Ibrahimu hakuinama. Kichwa chake kiligonga jiwe, kikaruka, kikadondoka majini na miwani yake.

“Kichwa!” alilia yule mwenye kofia nyekundu, ambaye ndiye mke wa Siem. “Jamani, kichwa cha mume wangu!”

Juu ya daraja mwanamke mmoja aliyekuwa na mbwa alichungulia, akaona kichwa kinaelea, akaketi chini palepale. Na hapo Lammert alijisahau. Alisimama, keki ikaanguka, akaishika ile shingo iliyobaki na kuikagua kwa hasira ya kweli.

“Nani kafunga hii? Kamba moja? Shingo ya Ibrahimu inafungwa mara mbili, halafu unapitisha fimbo mpaka kiunoni! Na haya majani, mbona hayajakauka sawasawa? Nipeni hiyo ndoana!”

Akapewa. Akakivua kichwa, akakikamua, akakirudisha mahali pake, na kwa kuwa kamba haikuwepo akavua mkanda wake mwenyewe akaifunga shingo nao, huku suruali ameishika kwa mkono wa kushoto. Boti zima likapiga makofi. Lammert aliinama kidogo, kwa kadiri suruali ilivyoruhusu. Alikuwa amefurahi, masikini.

“Umejulia wapi kazi hii?” Siem aliuliza. Ndiyo kwanza isikike sauti yake.

“Mimi? Nimewatengeneza wengi. Kijiji kizima.”

“Na wewe,” Bibi Kortekaas alisema polepole, “wa kwako walikutengenezeaje?”

Lammert aliinama kuokota keki.

“Nakuuliza wewe uliyeshika suruali. Una miaka mingapi?”

Hapa hapakuwa na ngazi ya kujificha chini yake.

“Hamsini,” Lammert alisema.

“Tangu lini?”

“Tangu asubuhi.”

Anasema boti zima liligeuka kumtazama. Kisha yote yalimtoka bila mpango: kwamba hamjui Siem, wala hamjui yeyote mle, kwamba alitaka boti la watalii, kwamba mkono ulimponza. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa. Siem alikuja na taji lake akamtazama vizuri.

“Usijali,” alimwambia. “Hata mimi nusu yao siwajui. Na ningekuwa na akili kama yako, leo ningekuwa kwenu Drenthe.”

Bibi Kortekaas peke yake hakucheka. “Mama yako yu hai?”

“Yu hai, mama. Yuko nyumba ya wazee, Assen.”

“Amepewa hongera?”

Lammert hakuelewa. Au alielewa.

“Mimi leo nimeshikwa mkono na watu wote hawa,” kikongwe alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo na kali. “Maana nilimzaa huyu bwege hapa kwa siku nzima na usiku wake. Yeye alifanya nini siku ile? Alilia tu. Na mama yako leo nani kamshika mkono, wewe ukiwa umejificha?”

“Simu nimeizima,” Lammert alisema.

“Iwashe, we mtoto.”

Aliiwasha. Ikatetemeka mfululizo, na kila mtetemeko ulikuwa mama yake. Zwaantje Hadders hajawahi kupiga simu zaidi ya mara moja kwa siku. Anaona ni kusumbua watu. Lammert akapiga. Kwa kuwa mama yake hasikii vizuri yeye huongea kwa kelele, na boti zima lilisikia.

“Nani?”

“Ni mimi, Mama.”

“Sema tena.”

“Ni mimi, Mama. Lammert.”

“Uko wapi?”

“Leiden. Niko kazini.”

“Ndivyo alivyoniambia Roelie. Yuko kazini, mama, simu kaizima tu. Na siku ile ya baba yako waliniambiaje? Yuko kazini, Zwaantje, anakuja.” Akavuta pumzi. “Nimevaa gauni la sikukuu tangu asubuhi. Mwaka mzima nahesabu, Lammert. Ukikohoa nahesabu. Ukipanda ngazi za watu nahesabu. Nikasema, akifika hamsini nitapumua. Umefika, halafu unazima simu? Nimeketi hapa nasubiri waje wale watu wawili wenye makoti meusi wa kuleta habari za msiba!”

Lammert alilia. Alilia mbele ya ukoo mzima wasiojua hata jina lake, mkono mmoja kwenye simu na mmoja kwenye suruali, na anasema hakuona haya hata kidogo.

“Nisamehe, Mama,” alisema. “Hongera. Hongera kwa mwanao.”

Upande wa pili alisikika mtu mzee anapenga kamasi.

“Asante,” mama yake alisema mwishowe. “Wewe ni wa kwanza.”

Bibi Kortekaas alimpokonya simu. “Mama Hadders? Mimi ni mama mwenzio, wa huku Leiden. Hongera kwa mwanao. Alitoroka, lakini tumemkamata, na keki amekula.” Na kabla Lammert hajanyoosha mkono, kikongwe alimpa simu aliyeketi kushotoni kwake, maana ndiyo desturi, na duara likianza linamalizwa.

“Hongera kwa Lammert, mama,” alisema shangazi.

“Hongera kwa Lammert,” alisema shemeji. “Ana lafudhi nzuri kweli.”

Simu ikapita mkono kwa mkono, kaka, binti, watu wa kazini, ikapita chini ya daraja wakiwa wameinama nayo, na hakuna aliyerukwa. Msichana wa usukani aliongea akiendesha kwa kiwiko. Mke wa Siem aliongea mpaka wakamkumbusha kuna wengine. Siem alilivua taji kwanza, ndipo akasema, “Hongera kwa Lammert, mama. Tumezaliwa siku moja, kwa hiyo nami ni wako kidogo.” Kila mmoja alijibiwa vilevile, kwa kelele na kwa heshima: asante sana, asante, asante na wewe.

Simu ikamrudia mwenyewe ikiwa ya moto.

“Wamekwisha?” mama yake aliuliza.

“Wamekwisha, Mama.”

“Hebu waambie waanze tena. Yule wa kwanza sikumsikia vizuri.”